Kipindupindu Kikiingia Mjini: Mama Lishe, Muuza Matunda na Muuza Kahawa Wafanyeje

Kipindupindu hakiruki hewani kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye sahani ya wali. Kinasafiri kwa maji, kwa mikono na kwa chakula kilichopoa. Mama lishe anayejua maji yake yametoka wapi na yamepita kwenye vyombo gani anaweza kuendelea kupika salama hata mtaa wa pili ukiwa na wagonjwa. Asiyejua anaweza kugawa ugonjwa kwa upawa uleule anaogawia maharage.

Dar es Salaam ina kumbukumbu ya jambo hili. Mlipuko ulioanzia hapa Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi ya Bara, ukavuka hadi Zanzibar, na wagonjwa wakapita 20,000. Amri zikatoka za kuzuia kuuza vyakula kwenye maeneo ya wazi. Lusaka, Januari 2018, serikali ya Zambia ilipeleka hadi jeshi kuwaondoa wachuuzi barabarani kwa sababu hiyohiyo. Amri za namna hii hazimsubiri mtu amalize sufuria.

Utaratibu ulio hapa chini unafuata mpangilio huu: maji kwanza, menyu pili, mtaji tatu. Wengi huanza na mtaji, wanabana matumizi kwa kupunguza maji ya kuoshea, na hapo ndipo wanapopoteza vyote viwili.

Siku unaposikia habari

Usingoje tangazo la gari la vipaza sauti. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mtafute afisa afya wa kata yako umuulize mambo mawili: je, kuna wagonjwa waliothibitishwa, na wako mitaa gani? Siku hiyohiyo acha kununua vitu vya wiki nzima. Mchele, unga na maharage makavu vinaweza kukaa. Nyanya, samaki, nyama na matunda yaliyoiva nunua ya siku moja tu, hata kama bei ya jumla pale Mabibo au Ilala inakushawishi.

Kisha kaa chini upige hesabu ya maji. Chukua kijiwe kinachouza sahani 50 za mchana:

Kunawa kwa wateja, glasi moja ya mililita 200 kabla ya kula na nyingine baada ya kula: lita 20. Maji ya kunywa, mililita 400 kwa mtu: lita 20. Kuoshea mchele, maharage na mboga, pamoja na kupikia: lita 30. Beseni tatu za vyombo za lita 10, zikibadilishwa mara moja katikati ya mchana: lita 60. Mikono ya wapishi na kufutia meza: lita 10.

Jumla ni lita 140, yaani madumu saba ya lita 20. Ukiona una uwezo wa madumu manne tu, usipunguze maji ya kuoshea. Punguza sahani.

Kutibu maji

Maji ya bomba, ya kisima, ya boza na ya mkokoteni yote yatibiwe. Hata maji yaliyotoka safi kwenye bomba hupitia mpira unaolazwa chini kando ya mtaro, halafu dumu ambalo jana halikuoshwa ndani.

Maji yenye tope yaache yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Baada ya hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuchemsha hadi yatokote kwa nguvu, povu kubwa likipanda, kwa dakika moja kamili. Vipovu vidogo vya pembeni mwa sufuria havihesabiki. Ya pili ni vidonge vya klorini. Kidonge cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu; maji yakibaki na ukungu baada ya kuchujwa, weka viwili. Koroga, funika, subiri dakika 30. Soma maandishi ya pakiti kabla, maana kuna vidonge vidogo vinavyotibu lita chache tu, na kwa macho vinafanana.

Makosa yanayoharibu maji yaliyokwisha kutibiwa ni machache na yanajirudia. Mtu anachota kwa kikombe na vidole vinazama. Mfuniko unawekwa chini, kisha unarudishwa. Maji yaliyochemshwa yanamiminwa kwenye dumu lenye utelezi wa kijani ndani. Dumu la namna hiyo litie kokoto kiasi cha kiganja, sabuni na maji, litikise kwa dakika mbili tatu, lisuuze, kisha lilaze usiku na maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha jiki. Asubuhi yamwage. Maji ya kunywa yatoke kwenye ndoo yenye koki tu, na ndoo hiyo iandikwe KUNYWA kwa rangi ili msaidizi mgeni asiitumie kuoshea miguu.

Jiki na vipimo vyake

Vipimo hivi ni vya jiki ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Ikiwa chupa yako inasoma asilimia nyingine, vipimo vitabadilika. Kijiko cha chakula hapa ni mililita 15.

- Kuoshea matunda mazima: lita 10 za maji, kijiko 1. Yakae dakika 2, kisha suuza kwa maji yaliyotibiwa.
- Suuza ya mwisho ya vyombo: lita 10, vijiko 2. Vizame dakika 2.
- Kufuta meza, benchi na ubao wa kukatia: lita 5, mililita 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya nusu lita.
- Mahali palipotapikiwa: funika uchafu kwa mchanga, mimina jiki bila maji, subiri dakika 10, zoa ukiwa na glovu au mifuko mikononi, kisha pangusa kwa mchanganyiko wa sehemu 1 ya jiki na sehemu 6 za maji.

Jiki inakufa kwa jua, kwa joto na kwa uchafu. Beseni lililojaa mafuta na punje za wali lina harufu ya jiki lakini kazi yake imekwisha. Ndiyo maana beseni ni tatu: la kwanza sabuni na maji ya moto, la pili maji ya kusuuza povu, la tatu jiki. Masalia ya chakula yakwanguliwe kwenye ndoo ya taka kabla sahani haijagusa beseni la kwanza. Badilisha la tatu kila baada ya saa mbili, au mapema maji yakianza kuwa meupe kama ya mchele. Vyombo vikaukie kwenye kichanja. Kile kitambaa kimoja kinachofuta sahani, meza na jasho ndicho cha kutupa leo, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Usichanganye jiki na siki, limao au dawa ya choo. Hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na kwenye banda la mabati lisilo na dirisha hatari huongezeka.

Menyu: kinachobaki na kinachoondoka

Bakteria wa kipindupindu hufa kwa moto na hustawi kwenye chakula kilichopikwa kikaachwa kipoe, na wali mweupe ni mahali pazuri mno kwake. Wali wa saa nne uliokaa wazi hadi saa tisa ni wa kuogopwa kuliko maharage yanayotokota. Pika kwa mafungu mawili: fungu la kwanza liive saa sita kasoro, la pili uliinjike ukiona watu wanakuja. Kilichoiva kikae kwenye hotipoti au juu ya jiko lenye makaa machache, kimefunikwa, na kila unapofunua mvuke uonekane. Mvuke ukipotea, rudisha motoni hadi kitokote chote, si kando kando. Kiporo cha jana hakiuzwi msimu huu.

Kachumbari iondoke. Wateja watalalamika, na wana haki ya kulalamika kwa sababu pilau bila kachumbari ni kama imesahauliwa kitu. Lakini nyanya, kitunguu na pilipili mbichi vinaoshwa kwa maji, vinakatwa kwa mkono na haviguswi na moto. Limao ndani yake husaidia kidogo, si kiasi cha kulitegemea. Badala yake toa kabichi ya kukaanga, mchicha, au pilipili ya kupikwa na ukwaju, ichemke dakika kumi. Juisi za kusaga na barafu nazo zisimame. Barafu haiui kipindupindu, inakihifadhi. Ukiwa na soko la vinywaji, chemsha ukwaju au tangawizi, uuze ya moto, au maji ya chupa ambayo kizibo hakijavunjwa.

Muuza matunda aache kabisa vipande vya tikiti, nanasi na papai vilivyopangwa kwenye sinia, pamoja na ile tabia ya kuvinyunyizia maji ili ving'ae. Ndizi, machungwa, maembe na parachichi viuzwe vizima. Mteja akitaka chungwa limenywe, nawa mikono mbele yake, menya, mpe hapohapo. Machungwa yaliyomenywa asubuhi na kupangwa piramidi yamepitiwa na nzi hadi jioni.

Dafu lenyewe ni salama hadi linapokatwa. Hatari iko kwenye panga, kwenye gogo, na kwenye mirija inayokaa wazi kwenye kopo. Osha dafu kwa nje, futa panga kwa maji ya jiki kila baada ya madafu kumi, mpe mteja anywe moja kwa moja bila mrija, na kijiko cha kukwangulia nyama ukate kwenye ganda la dafu lake mwenyewe.

Muuza kahawa anastahili maneno yake peke yake, kwa sababu watu humwona hana hatia: kahawa iko kwenye dele juu ya makaa, inachemka. Ni kweli, kahawa haina neno. Tazama ndoo ndogo iliyoning'inia upande wa pili. Ina lita mbili za maji, na tangu alasiri vimezamishwa humo vikombe sitini vilivyotoka midomoni mwa watu sitini. Hakuna jiki, hakuna sabuni, maji yamekuwa ya hudhurungi. Dawa yake si ngumu: nunua vikombe zaidi, viwe 40 badala ya 10, beba vilivyo safi kwenye kopo lenye mfuniko na vilivyotumika kwenye mfuko tofauti, vikiisha rudi kituo ulichokiweka, uvioshe kwa beseni tatu. Asiyeweza kununua 40 avimwagie kila kikombe maji yanayochemka kutoka birika la pili. Kukizungusha kwa kahawa kidogo tu hakutoshi. Kashata ziuzwe zikiwa zimefungwa moja moja.

Mikono, fedha na watu wanaokusaidia

Weka ndoo ya koki au kibuyu chirizi mlangoni mwa kijiwe, si nyuma. Sabuni iwe ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kizibo, au kipande kilichofungwa kwa wavu. Jagi na beseni la kunawisha ni utaratibu mzuri na hauna kosa, mradi maji yamiminike na mtu asizamishe mikono kwenye beseni. Maji machafu yakusanywe kwenye ndoo, yakamwagwe chooni au kwenye shimo la maji, si mtaroni ambako watoto wa mtaa wanacheza.

Anayepokea hela asipakue. Kama uko peke yako, weka kikopo mteja atumbukize mwenyewe na achukue chenji, au tumia lipa namba. Ukishika noti, nawa ndipo ushike mwiko.

Msaidizi anayeharisha asije kazini, na siku hizo mlipe japo nusu. Anayekatwa posho nzima ataficha ugonjwa, atakuja, na atakata vitunguu. Kama ni kuhara kwa kawaida, arudi saa 48 baada ya kupona. Kama ilithibitishwa ni kipindupindu, asubiri ruhusa ya afisa afya, kwa sababu mtu anaweza kuendelea kutoa bakteria kwa siku kadhaa, hadi 10, bila dalili yoyote. Hilo lina maana nyingine pia: kujisikia mzima si uthibitisho kwamba huna. Kunawa baada ya choo kunamhusu kila mtu, kila mara, na sabuni uibebe mwenyewe kwa sababu choo cha soko mara nyingi hakina.

Mtu akianguka kijiweni kwa kuhara choo kama maji ya mchele au kutapika mfululizo, usimfukuze. Anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kukaukiwa maji tu. Mchanganyie pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita moja kwenye lita moja kamili ya maji salama, aanze kunywa kidogo kidogo wakati mnatafuta usafiri wa kumfikisha kituo cha afya, na aendelee kunywa njiani hata akitapika. Huna pakiti? Lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyopangwa usawa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo usikadirie kwa kiganja. Weka pakiti nne za ORS kwenye kopo la fedha, uzikute bila kutafuta.

Afisa afya akija, au amri ikitoka

Karatasi zako ziwe kwenye bahasha moja ya plastiki: cheti cha kupima afya cha kila anayegusa chakula, ambacho huhuishwa kila miezi sita, leseni au kitambulisho chako cha mfanyabiashara mdogo, na stakabadhi za ushuru. Mpokee afisa kwa heshima, mwonyeshe ndoo ya maji ya kunywa, beseni tatu na chupa ya jiki kabla hajauliza. Anaotaka kuwafunga kwanza ni wale ambao hajui wanaosha kwa kitu gani.

Amri ya kufunga ikitolewa, uliza imetolewa na nani, inahusu vyakula gani, eneo lipi na hadi lini. Mara nyingi amri huhusu vyakula vya wazi na matunda yaliyokatwa. Anayeuza ndizi nzima au maharage mabichi huenda hahusiki, lakini asipouliza atafunga naye. Msiende mmoja mmoja. Mwenyekiti wa soko au wa kijiwe aende na watu wawili ofisi ya kata, awe na orodha ya majina na ahadi zilizo wazi: tuna beseni tatu, tunatibu maji, tumeacha kachumbari, njooni mkague Jumatatu. Ombi la "tuoneeni huruma" halina pa kushika. Ombi lenye siku ya ukaguzi linampa afisa kitu cha kupeleka kwa wakubwa wake.

Vitu vikichukuliwa na mgambo, usivutane nao. Omba viandikwe na jina la ofisi vinakopelekwa, piga picha kama inawezekana kwa utulivu, na ufuatilie siku hiyohiyo.

Mtaji usiyeyuke

Wanaopotea hapa hawapotei kwa sababu wateja wamepungua. Wanapotea kwa sababu waliendelea kupika kama zamani.

Chukua mfano wa sahani 50 kwa shilingi 2,500: mauzo 125,000. Viungo 80,000, mkaa, maji na msaidizi 20,000. Faida 25,000. Wateja wakishuka hadi 25 na wewe umepika 50, unaingiza 62,500 ukiwa umetumia 100,000. Hasara 37,500. Siku tatu za hivyo ni 112,500, yaani mtaji wako wote wa siku umekwisha na deni limeanza. Ukipika 25 tangu mwanzo, viungo ni 40,000, gharama nyingine 20,000 zilezile, unabaki na 2,500. Ni kidogo mno kuishi nayo, lakini mtaji umesimama na kesho utawasha jiko.

Namba za wateja wa kudumu ziandike kwenye daftari. Kila siku kabla ya saa nne asubuhi watumie ujumbe, chukua oda, ndipo upime mchele. Chakula cha ofisini kipelekwe kwenye hotipoti, si kwenye sahani zilizofunikwa kwa gazeti.

Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, usiuguse kipindi hiki, hata kama anayekupa yuko tayari mlangoni. Marejesho ya kila siku yanadhani unauza kila siku, na amri moja ya wiki mbili itakukuta na samani zako zikibebwa. Zungumza na kikoba mapema: ombeni kusimamisha hisa kwa wiki kadhaa na kukopa kwenye mfuko wa jamii wa kikoba chenyewe, ambao mara nyingi hauna riba. Mchezo wa upatu, omba kubadilishana zamu kabla hujashindwa kutoa, si baada ya.

Kijiwe kikifungwa kabisa, uza vikavu kutoka nyumbani: mkaa kwa ndoo, sabuni, mchele wa kupima, viazi. Na hizo ndoo za koki usiziuze.

Siku ya kufungua

Osha banda lote usiku wa kuamkia, benchi na miguu ya meza, kwa kipimo cha jiki cha kufutia meza. Maji yaliyolala kwenye madumu wakati wa kufungwa yamwage yote. Anza kidogo: mkaa wa nusu siku, mchele wa sahani 20, maharage, mchicha. Kachumbari ibaki nje hadi afisa afya wa kata aseme mlipuko umekwisha, na wali uonekane ukitoa mvuke mteja wa mwisho anapopakuliwa.